Kifuniko cha Lenzi

Wifi yangu hasahau. Ukimkanyaga leo kwa bahati mbaya, mwakani atakuonyesha kidole kile kile na kukuambia kilikuwa cha mguu gani. Mimi ni mshonaji, yeye ni fundi wa kompyuta, na tumegawana chumba kimoja cha biashara chenye mlango wa bati ambao kila asubuhi tunausukuma juu kwa kelele. Kushoto kuna cherehani yangu, marobota ya vitambaa na sanamu ya kupimia nguo isiyo na kichwa. Kulia kuna meza yake, kompyuta zilizofunguliwa matumbo, nyaya, bisibisi, na kiti ambacho haruhusu mtu mwingine akikalie. Katikati hakuna pazia. Akikasirika nasikia, na akinyamaza nasikia zaidi.

Mtaani hawamwiti fundi, wala hawamwiti kwa jina alilopewa na mama yake. Wanamwita Kifuniko. Muuza mkaa anamwita hivyo, watoto wanaotoka shule wanamwita hivyo, hata mteja mgeni aliyeleta simu yenye kioo kilichopasuka husimama mlangoni na kuniuliza, "Kifuniko yupo?" Naye huitika. Huitika bila kuinua macho, na ni mimi tu ninayemwona anavyoikaza parafujo mpaka inalia.

Jina hilo lilizaliwa kwenye harusi yangu, kwa hiyo nina haki ya kulisimulia.

Wakati ule wifi alikuwa mpiga picha wa studio kubwa kuliko zote mjini. Mwenye studio ni yule tunayemwita Mkurugenzi. Hakuna aliyemteua, alijiita mwenyewe, akalichapisha jina hilo kwenye fulana. Kaka yake wifi aliponioa, hapakuwa na haja ya kuuliza nani atashika kamera. Wifi alisimama juu ya kiti tangu tulipoingia ukumbini mpaka wageni walipoanza kutafuta viatu vyao. Nakumbuka alivyokuwa akinikaripia mbele ya watu: "Wifi, inua kidevu! Wifi, usimfiche mume!" Sherehe ilipokwisha, aliihamisha video kutoka kwenye kanda hadi kwenye kompyuta ya studio, akairudisha kanda kabatini, akarudi nyumbani miguu imemvimba.

Siku iliyofuata hakwenda kazini, alikuwa nyumbani kwa mama mkwe akisugua masufuria pamoja nasi. Siku hiyo hiyo Mkurugenzi, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akilalamika kwamba kompyuta yake imekuwa nzito, aliipeleka kupigwa windo upya, yaani kusafishwa na kuwekewa mfumo mpya. Na kwa kuwa studio yake ilikuwa na mtindo wa kurekodi kazi mpya juu ya kanda ya zamani, akaichukua kanda ya harusi yangu na kwenda kurekodia sherehe ya watu wengine. Hakuona ubaya, kwani si video imeshaingia kwenye kompyuta?

Tulipokwenda kuitazama harusi yetu tulikuwa wengi: sisi, wazazi, mashangazi, na majirani waliojialika wenyewe. Kioo kilikuwa cheusi. Sauti ilikuwepo. Tulisikia vigelegele, tulisikia hotuba ya mjomba iliyogoma kuisha, tulisikia mpaka vijiko vikigonga sahani. Picha hakuna. Mkurugenzi akashika kiuno, akafikiri, kisha akaangua kicheko. Akasema mbele yetu sote, "Jamani! Huyu binti amerekodi harusi nzima hajatoa kifuniko cha lenzi!"

Watu wakacheka. Kicheko cha namna ile hakiishii mlangoni. Kabla ya jua kuzama kilikuwa kimefika sokoni, na wifi hakuwa na kazi tena. Hakuna studio nyingine iliyomtaka, maana nani atampa harusi ya mwanawe mtu aliyerekodi giza kwenye harusi ya kaka yake mwenyewe?

Mimi sikuamini hata siku moja. Mtu anayeona giza atajuaje kama kidevu changu kimeshuka? Nilimwambia kila aliyetaka kunisikiliza na asiyetaka, nikajibiwa kwamba bibi harusi mpya hana budi kuwatetea wakwe zake. Mama mkwe naye alikuwa na lake. Alikuwa mzito wa masikio, kwa hiyo kila kitu alikisema kwa sauti ya kuita ng'ambo ya barabara. "Kifuniko nilikuwa nacho mimi!" alisema. "Alinipa mimi nimshikie, nikakitia mkobani!" Alilisema nyumbani, alilisema msibani kwa watu, alilisema hospitalini kwa muuguzi ambaye hakujua hata tunazungumzia sufuria au chupa. Watu walimwitikia kwa ule upole wa kumwitikia mzee: ndiyo mama, tumesikia mama. Wakitoka nje walikonyezana. Ushahidi wa mama kwa mwanawe nani ataupokea?

Alifariki akiwa bado analisema. Mkoba wake uko juu ya kabati letu, na ndani yake kuna kifuniko cheusi cha plastiki ambacho hakimshawishi mtu yeyote, kwa sababu vifuniko vyote vinafanana. Kwa hiyo nikisema wifi hasahau, simsemi kwa ubaya. Mimi mwenyewe ningekuwa yeye ningeshachoma kitu moto.

Mume wangu ni mtu wa amani. Kila tukianza habari hiyo mezani husema, "Yaliyopita si ndwele." Mimi humjibu kwamba si ndwele kwa asiyeumwa, na wifi huendelea kula.

Baada ya kufukuzwa studioni wifi alianza kwa kutengeneza simu, akaja kwenye kompyuta, na kila alichojifunza alikipeleka kwenye swali lile lile. Alikuwa akiniambia, nami nakanyaga cherehani, "Wifi, ile kamera ilikuwa inaandika tarehe pembeni ya picha. Herufi nyeupe, chini kulia. Kifuniko kinaifunika lenzi, hakifuniki tarehe. Sasa siku ile tarehe uliiona?"

"Niliona weusi tu."

"Basi ile haikuwa kamera iliyofunikwa. Ile ilikuwa kompyuta isiyoona."

Nikamwomba aniambie kwa lugha ya mshonaji. Akanieleza kwamba video ni kitu kikubwa, ukiihifadhi kama ilivyo itajaza diski, kwa hiyo hukunjwa, na kila mashine ina mkunjo wake. Kodeki ni kiprogramu kidogo kinachoujua mkunjo fulani: kinajua kuukunja, kinajua kuukunjua. Kompyuta isiyo na kodeki hiyo itakupa sauti, kwa kuwa sauti hukunjwa kwa njia nyingine, lakini mahali pa picha itakupa giza.

Niliacha kukanyaga cherehani. "Sauti bila picha?"

"Sauti bila picha."

"Kama harusi yangu."

"Kama harusi yako," alisema. "Kompyuta ya studio ilikuwa na kadi ya kunasia picha, ile inayoipokea video kutoka kwenye kamera, nayo ilikuja na kodeki yake kwenye sidii. Mtu akiipiga kompyuta windo upya, kodeki inafutika. Video zinabaki pale pale kwenye diski, zimekunjwa, na hakuna anayejua kuzikunjua."

Tangu siku hiyo alikuwa na imani, lakini imani si ushahidi. Kampuni iliyotengeneza kadi ile ilikuwa imeshafungwa. Alizunguka kwa wauza kompyuta chakavu, akafukua maboksi yenye panya, mpaka akaipata sidii yenye picha ya kadi ile ile. Akainakili kwenye flashi, na flashi akaitia kwenye kamba moja na ufunguo wa duka, akaivaa shingoni. Kilichobaki ni diski ya Mkurugenzi. Alikwenda mara moja studioni kuomba aitazame, mlinzi akamwambia ameagizwa kwamba Kifuniko asiguse kitu humo ndani. Akarudi, akakaa kwenye kiti chake, akangoja. Alioga nayo flashi ile, akalala nayo. Mimi nilikuwa nikimtania kwamba wenzake huvaa mkufu wa mchumba na yeye kavaa mkufu wa adui.

Basi adui akaja kwa miguu yake.

Alikuja asubuhi, amekumbatia kompyuta iliyofungwa kwa shuka kama mgonjwa. Nywele zimempungua, fulana ni ile ile. "Habari za hapa, dada zangu," alisema. Nikamwitikia mimi, kwa kuwa salamu haikataliwi. Kisha akamgeukia wifi na kutabasamu. "Kifuniko, mdogo wangu, nina shida."

Hakusita hata kidogo. Alilitamka kama jina lililoandikwa kwenye kitambulisho, na nadhani kweli alikuwa amesahau nani alilitunga. Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote. Mtu anakuharibia maisha halafu hata hakumbuki.

Shida yake ilikuwa hii. Studio yake ilikuwa inaadhimisha miaka mingi tangu ifunguliwe, na alikuwa amewaalika wateja wake wote wa zamani ukumbini. Projekta imekodiwa, na kila familia imeahidiwa kujiona ukutani jinsi ilivyokuwa zamani. Amenunua kompyuta mpya, ameihamishia diski ya zamani, na video za zamani hazitazamiki. Akaiwasha mezani kwa wifi, tukaona wenyewe. Bwana harusi mmoja alikuwa anatembea juu ya dari, uso wa kijani, na bibi harusi wake ananing'inia kando yake kama popo. Nilicheka mpaka nikajichoma sindano.

"Nani kakuwekea kodeki hizi?" wifi aliuliza.

"Fundi mmoja wa kule stendi. Nilimwambia aweke zote, nisije nikapungukiwa. Si ni za bure?"

"Mtaka yote hukosa yote," wifi alisema. "Zikiwemo mbili zinazojua mkunjo mmoja, zinagombania. Hii inakunjua, ile inakuja kukunjua kilichokwisha kunjuliwa. Ndiyo maana watu wako wanatembea darini." Akapumua. Kisha akauliza polepole, huku anafuta vumbi lisilokuwepo kwenye kioo, "Na kabla hajakuwekea, zilikuwaje?"

"Zilikuwa nyeusi. Za zamani zote. Sauti ipo, picha hakuna. Nadhani diski imeoza."

Cherehani yangu ilisimama yenyewe. Wifi hakutikisika.

"Zote nyeusi?"

"Zote! Hata zile nilizopiga mwenyewe kwa mkono wangu."

Nilimtazama mtu yule. Alikuwa amesimama mbele ya mwanamke yule, anasema maneno yale, sauti ipo picha hakuna, na kichwani mwake hakuna kengele iliyolia. Kikulacho ki nguoni mwako, wamesema, na yeye alikuwa amekifunga kwa shuka na kukileta mwenyewe. Nilifungua mdomo nimuulize kama harusi zote hizo nazo alisahau kutoa kifuniko. Wifi akanitazama jicho moja tu, nikaufunga.

"Iache," alimwambia. "Kesho kutwa njoo uichukue."

Alipotoka nilisubiri avuke barabara, kisha nikalipuka. "Usiiguse! Iache hivyo hivyo! Awaonyeshe wageni wake miguu juu vichwa chini, wamzomee mpaka ahame mji!"

"Hicho ni kisasi cha kitoto, wifi."

"Kitoto au kikubwa, kitaniburudisha."

"Wateja wamekosa nini? Kuna wanaokwenda pale kumwona marehemu wao akitembea." Alikuwa ameshaanza kuzing'oa zile kodeki za fundi wa stendi, moja moja. "Na mimi sitaki azomewe tu. Watu wakimzomea atacheka nao, kesho yamekwisha. Mimi nataka aseme. Kwa mdomo ule ule, mbele ya watu wale wale, aseme kwamba kifuniko nilikitoa."

"Na asiposema?"

"Basi nitakuwa nimemtengenezea kompyuta."

Nilimwangalia akifanya kazi. Wengine wakiweka kodeki humwaga tu, kama mpishi asiyejua chumvi. Yeye alikuwa na kiprogramu kidogo kinachosoma alama ya mkunjo bila kuifungua video, na kila video aliiuliza kwanza: wewe umetoka kwenye mashine gani? Hizi zimetoka kwenye kamera za kanda ndogo, zikapata kodeki yao. Hizi zilinakiliwa kutoka kwenye sidii za wateja, zikapata yao. Hizi ni za juzijuzi, kompyuta yenyewe inazijua, zikaachwa. Kila mkunjo kodeki moja, na asiyehitajika hakukaribishwa. Mimi ndivyo ninavyochagua uzi, kwa hiyo nilimwelewa bila kuuliza. Watu wakasimama kwa miguu yao. Nyuso zikarudi rangi za watu.

Zikabaki zile za zamani kabisa, nyeusi zote.

Akavua kamba shingoni. Niliinuka, nikaenda kusimama nyuma ya kile kiti chake, na safari hii hakunifukuza. Flashi ikaingia, kodeki ikawekwa, kompyuta ikazimwa na kuwashwa. Wifi akashuka na mshale mpaka kwenye faili aliyoiandika jina kwa vidole vyake mwenyewe siku ile miguu imemvimba. Harusi ya kaka.

Kwanza ilitokea pembe ya pazia. Pazia jekundu la ukumbi, na mkono wa mtu unapita na trei. Chini kulia, kwa herufi nyeupe, tarehe ya siku niliyoolewa.

Wifi akaifunga hapo hapo.

"Ifungue!" nilipiga kelele. "Mimi sijajiona! Hebu nijione kidogo tu, niione shela yangu!"

"Hapana. Hata mimi nataka." Aliibana mikono yake katikati ya magoti. "Tutaiona pamoja nao. Tuliiona nyeusi pamoja nao."

Nililia pale, sioni haya kusema. Nililia kwa furaha, halafu nikalia kwa hasira, kwa sababu ilikuwepo. Miaka yote ile watoto wanamwita Kifuniko njiani, miaka yote mama mkwe anapiga kelele peke yake, na harusi ilikuwa imelala salama kwenye diski ya mtu aliyecheka, inangoja kiprogramu kidogo kuliko wimbo mmoja. Ningekuwa na nguvu ningeibeba ile meza nikamtupie.

Wifi alinakili harusi yetu, akaificha nakala mahali pawili. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Akaing'oa tena ile kodeki. Za zamani zikarudi kuwa nyeusi, akairudisha flashi shingoni.

Mkurugenzi alipokuja alimweleza wazi, na mimi ni shahidi. "Hizi zote ziko sawa. Zile za zamani bado, zinataka kodeki moja zaidi, nayo nitakuja nayo mimi mwenyewe ukumbini. Usianze kabla sijaiweka."

"Sawa, sawa," alisema, macho yake yako kwenye simu. Alikuwa ameshaona bwana harusi mmoja amesimama wima, akaridhika. Alipofika mlangoni akageuka. "Lakini Kifuniko, ukija pitia mlango wa nyuma. Unajua wageni, wakikuona unashika mashine wataingiwa na wasiwasi." Akacheka.

Alipoondoka nilimuuliza wifi kama atangojwa.

"Hatangoja," alisema. "Namjua."

Ukumbi ulikuwa ule ule, pazia wamebadilisha. Viti vilijaa. Walikuwepo mashangazi, walikuwepo wale majirani waliojialika, muuza mkaa alikuwepo amevaa koti. Mume wangu alikuja kwa kuburutwa, akakaa akitazama viatu vyake. Wifi hakupitia mlango wa nyuma. Aliingia mlango mkubwa, akaketi kiti cha mwisho kabisa, na hakunyanyuka kwenda kuweka chochote. Alikunja mikono. Mimi nilikaa pembeni yake, na najua kabisa kwamba sikuwahi kufurahi namna ile tangu niolewe.

Mkurugenzi alishika kipaza sauti. Akajisifu weee, akamaliza, akatangaza kwamba ataanza na kazi yake ya fahari, harusi ya mwenye ukumbi, aliyoipiga yeye mwenyewe kwa mkono wake mwanzo hadi mwisho. Taa zikazimwa. Akabonyeza.

Ngoma zikalia. Vigelegele vikalia. Ukuta ulikuwa mweusi.

Watu wakangoja. Mkurugenzi akatikisa waya. Akaipiga projekta kofi. Ngoma zinaendelea kwenye spika, mtu anasikika akimsifu bibi harusi kwa uzuri, na ukuta ni mweusi tii. Mwenye ukumbi akageuza shingo kumtafuta mkewe, mkewe akamtafuta Mkurugenzi. Minong'ono ikaanza nyuma na kwenda mbele.

Ndipo wifi aliposimama.

"Mkurugenzi!" aliita, na sikujua kama ana sauti kubwa hivyo, ilikuwa ya mama yake. "Umetoa kifuniko?"

Muuza mkaa ndiye aliyeelewa kwanza, akapiga goti lake kwa kofi, na ukumbi mzima ukapasuka. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mkurugenzi akajaribu kucheka nao, akashindwa. Kipaza sauti kilikuwa bado kimewashwa, kwa hiyo sote tulimsikia akinong'ona, "Dada, njoo, nakuomba, unanidhalilisha." Nilitaka kumjibu kwamba mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, lakini wifi alikuwa ameshaanza kutembea katikati ya viti, anavua kamba shingoni.

Aliiweka ile kodeki mbele ya watu wote. Projekta ilionyesha kila alichobonyeza, kikubwa, ukutani. Alipoirudia harusi ya mwenye ukumbi, ikatoka na rangi zake zote, na mke wa mwenye ukumbi akapiga yowe alipomwona kaka yake marehemu akicheza. Watu wakapiga makofi. Wifi akaisimamisha.

"Haikuwa imefutika," alisema, bila kipaza sauti. "Wala hakuna aliyesahau kifuniko. Kompyuta ilikuwa na mfumo mpya, na hiki kidude kilikuwa hakipo. Ndivyo ilivyokuwa leo. Na ndivyo ilivyokuwa siku ile mliyocheka."

Akaifungua harusi yetu.

Pazia jekundu. Mkono na trei. Kamera inayumba, inaelekea ilikuwa imeanza kurekodi na mwenyewe hajui, bado anapanda kiti. Kisha ukuta mzima ukajaa uso. Ulikuwa karibu mno, kama mtu asiyejua kamera inatazama kutokea wapi. Mama mkwe.

Nilimsikia mume wangu akivuta pumzi.

"Hiki cheusi nikushikie?" mama mkwe alisema kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya barabara, na spika za ukumbi zikatetemeka. "Kisije kikakanyagwa!" Nyuma ya kamera sauti ya wifi, ya usichana, ikamjibu, "Shika mama, tia mkobani." Mama mkwe akakiinua kile kifuniko karibu kabisa na lenzi, akakipuliza vumbi, akafungua mkoba na kukitumbukiza. Akaufunga mkoba. Tukausikia ukisema ta.

Wifi akaisimamisha picha hapo, mkono wa mama yake bado uko juu ya mkoba.

Najua alikuwa ameandaa maneno. Aliyatunga kwa miaka, mengine nilimsikia akiyajaribu akiwa amenipa mgongo. Hakusema hata moja. Alisimama pale, mwanga wa projekta unampiga nusu ya uso. Mashangazi walikuwa wameinamisha vichwa. Mmoja wao ndiye aliyekuwa akikonyeza kuliko wote, na nilimtazama mpaka akajua kwamba namtazama.

Mkurugenzi alimsogelea wifi. Amekishusha kipaza sauti chini, anasema kwa sauti ya watu wawili. "Samahani, dada. Samahani sana. Mambo haya ya kodeki sisi hatukuyajua wakati ule."

"Usiniambie mimi," wifi alisema. Akaonyesha ukuta. "Mwambie yeye. Na utumie kipaza sauti. Siku ile hukunong'ona."

Alitutazama, akidhani labda yuko mtu wa kumwokoa. Mume wangu, mtu wa amani, alikuwa amesimama na amekunja mikono kifuani. Basi Mkurugenzi akatugeuzia mgongo, akauelekea ukuta. Alionekana mdogo chini ya mkoba ule.

"Mama," alisema. "Kifuniko ulikuwa nacho wewe. Binti yako alikitoa. Mimi ndiye niliyekosea."

Akageuka kumtazama wifi, akingoja aiachie picha. Wifi hakubonyeza.

"Sema kwa nguvu," alimwambia. "Alikuwa hasikii vizuri."

Akarudia, kwa sauti iliyofika mpaka kwa waliosimama barabarani, na ndipo wifi alipomwachia mama yake aende zake kuketi.